Neno Moja, Methali, Andiko au Ahadi: Kipi Kikuongoze Mwaka Mpya?

Desemba ikifika ukingoni, simu hujaa maneno. Huyu ameweka "Mwaka wa Nidhamu" kwenye stetasi. Yule ameandika methali aliyokuwa akiisikia kwa bibi yake. Mwingine ametoka kwenye mkesha na andiko alilopewa na mchungaji, na yuko aliyejifungia chumbani na daftari jipya akiorodhesha atakayofanya kuanzia tarehe 1. Wote wanatafuta maneno machache ya kushika, ili mwaka usiwapite hivihivi kama uliopita.

Mimi ni muumini wa maneno hayo. Nimeona watu wakibadilika kwa sababu walikuwa na kauli moja ya kurejea kila walipotaka kukata tamaa. Nimeona pia wengi wakichagua kauli nzuri isiyowahusu, na ikifika Machi hawaikumbuki tena. Mara nyingi kosa halikuwa uvivu. Mtu alichukua aina ya maneno isiyolingana na kinachomkwamisha. Kwa hiyo nimezipima aina hizo nne kwa vipimo vilevile, ili kila mmoja ajichagulie akijua anachochukua.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni kukumbukika: siku umechoka, umekasirika, au mambo yamekuendea kombo, je, maneno yanakuja yenyewe? Cha pili ni hatua: yanakuambia ufanye nini kesho asubuhi? Cha tatu nakiita mwanya, yaani mahali ambapo mtu anaweza kujificha nyuma ya maneno mazuri asifanye kitu. Cha nne ni wenzako: watu wa nyumbani au wa kazini wanaweza kuyashika pamoja nawe na kukukumbusha bila kukuudhi?

Na ili tusizungumze hewani, tumchukue mtu mmoja tumpitishe kote. Ni fundi cherehani wa mtaani. Mkono wake ni mzuri, mshono umenyooka, wateja wanampenda. Tarehe ndizo zinamshinda. Mteja akipiga simu anaambiwa "imebaki vifungo tu", kumbe kitambaa bado kimekunjwa chini ya meza, kikaratasi cha vipimo kimebanwa juu yake kwa pini. Januari inakuja na sare za shule, nyuma yake zinafuata sare za harusi, na kila mtu anataka nguo yake Ijumaa. Mwaka huu fundi wetu ameamua kubadilika. Ashike maneno gani?

1. Neno moja

Afya. Akiba. Utulivu. Maliza. Mtu anachagua neno moja tu na kuishi nalo miezi kumi na miwili. Desturi hii imeenea sana mitandaoni miaka ya karibuni, lakini sisi tunaijua nguvu ya neno moja tangu zamani. Kenya iliandika "Harambee" kwenye nembo yake ya taifa, na hadi leo mtu akiitamka kwenye mkutano, watu wanajua wanaitwa kufanya nini.

*Kukumbukika.* Hapa neno moja halina mpinzani. Linakaa kwenye skrini ya simu, kwenye kioo cha bafuni, kwenye jalada la daftari la mauzo. Hata ukiwa na homa unalikumbuka.

*Hatua.* Neno peke yake halikuonyeshi pa kuanzia. "Uaminifu" haumwambii fundi aanze kukata kitambaa cha nani. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya iliyoitwa "Mtu ni Afya". Wito wake ulikuwa maneno matatu, mafupi kama neno moja. Lakini karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio na kujadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Wito ulishika kwa sababu kila kikundi kilijua jembe liende wapi. Ukichagua neno, lipe kazi ya mikono ndani ya wiki ya kwanza.

*Mwanya.* Upana wake ndio hatari yake. Neno kama "Ukuaji" au "Mafanikio" linaweza kubeba chochote, hata kulala mchana kwa kisingizio cha kujitunza. Ushauri wangu ni kuchukua kitenzi. Kwa fundi, "Maliza" litamsaidia kuliko "Uaminifu", kwa sababu kila saa anaweza kujiuliza kama amemaliza au hajamaliza, na jibu liko mezani.

*Wenzako.* Ni jepesi kushirikiana. Kila mtu nyumbani anaweza kuwa na lake, na hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumuuliza baba yake jioni, "Umemaliza?"

*Linamfaa nani.* Mtu ambaye mambo yake mengi yanaumwa ugonjwa mmoja. Fundi akigundua kwamba si nguo tu anazoziacha njiani, bali pia ukuta wa nyumba aliouanza mwaka juzi na masomo ya jioni aliyoyakatisha, "Maliza" litamfuata kote huko. Kama shida yake ni moja na iko mahali pamoja, neno litampwaya.

2. Methali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona watu wanaipita hazina hii wakikimbilia kauli za kigeni zilizopambwa maua. Methali imekwisha kupimwa na watu wengi kabla yako, na inakuja na sauti ya mtu mzima anayekutakia mema.

*Kukumbukika.* Mizani na mlio vinaishikilia. Nani alikaa chini kukariri "Haba na haba hujaza kibaba"? Tena methali nyingi unaweza kuzianza mwenzako akazimalizia. Mmoja akisema "Mtaka cha mvunguni", wote waliomo chumbani wameshamalizia "sharti ainame". Kauli ya namna hiyo haihitaji kubandikwa ukutani.

*Hatua.* Inazidi neno moja kwa sababu ndani yake mna sababu na matokeo. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" inakuambia ushughulikie dogo leo na gharama utakayolipa ukiliacha. Fundi wetu ana yake iliyo tayari: "Ahadi ni deni". Anaijua tangu utoto. Lakini safari hii anaichukua ilivyo. Analo daftari la madeni, lile anamoandika nyuzi, zipu na bitana alizokopa dukani. Sasa chini ya deni la zipu anaandika: gauni la mama fulani, Alhamisi saa kumi. Ukurasa uleule, kalamu ileile. Akifungua daftari asubuhi kuona anadaiwa nini, anaiona Alhamisi. Methali haijamletea ratiba, ila imempa jicho jipya la kuitazama tarehe, na yeye mwenyewe ametengeneza hatua kutokana na jicho hilo.

*Mwanya.* Methali zetu zinapingana, na ndivyo zinavyotakiwa ziwe, kwa sababu watu wanakosea kwa njia tofauti. "Haraka haraka haina baraka" ina mwenzake, "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako". "Subira yavuta heri" inajibiwa na "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Basi mtu mzito wa kuamua huipenda sana ile ya subira, na mwenye papara huitaja ile ya kuchelewa kila siku. Methali unayoipenda mno yaweza kuwa ndiyo inayokutetea. Kabla hujaichukua, itafute inayoipinga uisome kwa sauti, kisha sikiliza ipi imekuchoma. Njia nyingine, ambayo naiamini zaidi, ni kumuuliza mwenzi wako, au dada yako, au rafiki wa siku nyingi: "Ungenichagulia methali moja ya mwaka huu, ingekuwa ipi?" Usimjibu papo hapo. Kaa nayo hadi kesho.

Jambo jingine ni mwelekeo. Tumezoea kuwarushia wengine mafumbo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake lililoandikwa, na wengi wetu tumeona jina la kanga likichaguliwa ili jirani au wifi alisome. Methali ya mwaka inasomwa na aliyeivaa. Ukijikuta unaiweka kwenye stetasi ukimfikiria mtu fulani, hiyo si ya kwako, tafuta nyingine.

*Wenzako.* Hapa methali inaongoza. Mama mkwe anaweza kukukumbusha mbele ya wageni na pasiwe na ugomvi, kwa kuwa amesema methali, hakukutaja. Angalizo langu ni moja: kwa kijana, methali kutoka kwa mkubwa mara nyingi inasikika kama kemeo. Mwachie achague yake.

*Inamfaa nani.* Mtu anayejua kwamba tatizo lake ni tabia ya miaka mingi, na anayeishi kati ya watu wanaozungumza Kiswahili. Na familia iliyo mbali, Muscat au Minneapolis, inayotaka watoto waendelee kuijua lugha ya bibi, itapata faida mbili kwa kuchagua methali moja ya nyumba nzima kila mwaka.

3. Andiko, aya au dua

Kwa wengi wetu mwaka haufunguliwi bila neno la Mungu. Usiku wa 31 Desemba makanisa hujaa hadi nje, na mengine hutangaza jina la mwaka mzima. Jambo hili lina mizizi mirefu. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza mwaka 1728 kupeana neno la Biblia la kila siku, na mwaka 1731 wakalichapa kuwa kitabu ambacho bado kinatoka kila mwaka. Wamisionari wao walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891. Kwa Waislamu mwaka huanza Muharram, na nia ya kheri haina haja ya kungoja Januari. Lakini kushika aya moja na kuirudia hadi ikae moyoni ni jambo wanalolijua vizuri.

*Kukumbukika.* Inategemea ibada yako. Andiko linalopita kwenye sala yako kila siku halisahauliki. Lililoandikwa kwenye kadi na kuwekwa ndani ya Biblia iliyofungwa litasahaulika kabla ya Pasaka. Katika Sura Ash-Sharh, aya ya 5 na ya 6 zinarudia jambo lilelile, kwamba pamoja na uzito upo wepesi. Mtu aliyefiwa au aliyefukuzwa kazi akizisoma hizo mbili kwa kufuatana, ule urudiaji wenyewe unamtuliza.

*Hatua.* Yapo maandiko ya kutia nguvu na yapo ya kuamuru, na ni vizuri ujue unachukua lipi. Fundi Mkristo akifungua Mathayo 5:37 atakuta maneno yake yanatakiwa yawe "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo". Fundi Mwislamu akisoma Sura Al-Israa, aya ya 34, anaamriwa kutimiza ahadi, kwa kuwa ahadi itaulizwa. Hayo yanaingia moja kwa moja dukani. Mteja anakuja Alhamisi na kitambaa cha harusi ya Jumamosi, pesa mkononi, na fundi anatakiwa aseme "siyo". Kusema "siyo" mbele ya pesa taslimu kunahitaji nguvu ambayo daftari halina, na hapo ndipo andiko linapofanya kazi ambayo aina nyingine haziiwezi.

*Mwanya.* Tunapenda kuchukua la baraka tukaliacha la agizo. Mtu anasubiri Mungu atende huku kitambaa kiko chini ya meza. Tena jina la mwaka lililotangazwa kwa waumini wote huenda lisiguse kidonda chako. Lipokee kwa heshima, na katika sala zako omba lako pia.

*Wenzako.* Mkisali pamoja, ni nguzo ya nyumba. Kwenye ofisi au nyumba yenye dini tofauti, libaki lako la moyoni.

*Linamfaa nani.* Anayeingia mwaka akiwa na jambo lisilo mikononi mwake: ugonjwa wa mzazi, mtoto anayesubiriwa, ajira isiyopatikana. Mtu huyo hahitaji kusukumwa. Anahitaji kushikwa.

4. Ahadi yenye saa na mahali

Sizungumzii ile orodha ndefu ya "nitapungua, nitasoma, nitaweka akiba". Nazungumzia sentensi moja yenye sehemu mbili: jambo fulani likitokea, nafanya hivi. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer aliliandikia jambo hili makala iliyojulikana sana mwaka 1999. Tafiti nyingi zilizofuata njia yake zimeonyesha kwamba anayefunga tendo lake kwenye wakati na mahali hulitekeleza mara nyingi zaidi kuliko mwenye nia njema peke yake. Ya fundi wetu ingekuwa hivi: "Nikipokea kitambaa, naandika tarehe kwenye daftari kabla sijashika tepu."

*Kukumbukika.* Haina utamu. Hakuna atakayeiimba. Kwa hiyo iwekwe palepale tendo linapofanyika. Fundi aiandike kwa chaki ya kitambaa kwenye meza ya kukatia, asiipeleke chumbani kwake.

*Hatua.* Hii ndiyo nguvu yake yote. Haibakizi swali.

*Mwanya.* Ni nyembamba. Ukihama duka au ukibadilishiwa zamu, sentensi imekufa, na wengi hawaandiki nyingine. Mwanya mkubwa zaidi ni siku ya kuteleza: mtu anavunja ahadi wiki ya pili, anatupa mwaka mzima. Ndiyo maana naona kila ahadi iandikwe pamoja na ya pili yake: "Nikikosa leo, kesho naendelea palepale, bila kufidia ya jana." Na usiandike kumi. Mbili zinatosha kabisa.

*Wenzako.* Anatosha mtu mmoja wa kumpa taarifa. Waliomo kwenye vikoba au vyama vya kuweka akiba wanaijua njia hii kuliko yeyote: siku ya kikao inajulikana, kiasi cha hisa kinajulikana, na faini ya kuchelewa inajulikana. Kama lengo lako ni fedha, usibuni jipya, chukua utaratibu wa kikundi chako uuhamishie kwenye jambo lako binafsi.

*Inamfaa nani.* Anayejua tayari afanye nini ila hafanyi. Haimfai anayebadili maisha yake yote kwa mara moja, wala aliyechoka moyo. Huyo ukimwongezea ratiba unamwongezea deni.

Wewe uko wapi?

Kama hujui hata kinachokukwamisha, usichague chochote bado. Fungua simu, rudi kwenye jumbe ulizotuma mwaka uliopita, usome ulipoomba radhi. "Samahani nimechelewa." "Nitakutumia mwisho wa mwezi." "Nilipitiwa, nisamehe." Samahani inayojirudia kwa watu tofauti inakuonyesha mahali. Ukishaiona, tafuta methali inayopiga hapohapo.

Kama mwaka wako una mageuzi mengi, umeolewa, umehamia mkoa mwingine, umepata mtoto, chukua neno moja. Ahadi za saa na mahali zitavunjwa na mageuzi hayo kabla hazijazoeleka, ila neno utahama nalo.

Kama umetoka msibani au unauguza, chukua andiko na usijipangie malengo mengine mpaka upumue. Watu watakuuliza una mipango gani ya mwaka. Huna haja ya kuwajibu.

Kama lengo lako linahesabika, kurasa za kusoma, mapato ya kuweka, kilomita za kutembea, nenda na ahadi. Anayerudia mtihani wa kidato cha nne hahitaji "Mwaka wa Ushindi" kabla ya kujua ni saa ngapi anafungua kitabu cha hisabati, na kwenye meza ipi.

Unaweza kuchanganya, lakini zisizidi mbili, na ziwe za kazi tofauti: moja ya kukupa moyo, nyingine ya kukupa hatua. Fundi wetu angeweza kubaki na "Ahadi ni deni" kichwani na ile sentensi ya daftari kwenye meza ya kukatia. Akiwa mtu wa ibada, "siyo" ya Mathayo itamfaa zaidi ya methali siku za msimu wa harusi, kwa sababu tatizo lake hasa linaanzia pale anaposhindwa kumkatalia mteja.

Wazazi wanaotaka kuchagua na watoto wao wawaache watoto waseme kwanza. Na wenzi wawili wasichaguliane kwa siri. Kila mmoja ataje la kwake, kisha aombe jambo moja tu ambalo mwenzake atamsaidia, kwa mfano kumwamsha saa kumi na moja, au kutomuuliza habari za uzito wake kabisa.

Na kama unasoma haya Aprili au Agosti, hujachelewa. Serikali za Tanzania, Kenya na Uganda zinaanza mwaka wao wa fedha tarehe 1 Julai. Kule Makunduchi, Unguja, mwaka huogwa Julai, na katika sherehe hiyo ya mwaka mpya wa jadi, Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa migomba ili vinyongo vya mwaka uliokwisha visivuke kwenda mwaka mpya. Kama kinachokukwamisha ni kinyongo na ndugu au mwenzako wa kazini, kamalizane naye kwanza, hata kwa simu ya dakika tano, ndipo uchague maneno. Ukishayachagua, yaandike mahali utakapoyaona kesho kabla ya saa nne asubuhi, na mwambie mtu mmoja.